Siku 4 Tanga na Pangani kwa laki mbili kila mtu, bila kampuni ya utalii: inawezekana?

Mtembezi_Kimara:

Wakuu, habari za jioni.

Tuko wanne, wanaume wawili na wanawake wawili, wote tunaishi Dar. Tunataka kutoka Ijumaa na kurudi Jumatatu, mwezi wa 10. Kila mmoja ana 200,000, jumla 800,000. Tumeorodhesha Mapango ya Amboni, Pangani, kisiwa cha Maziwe, halafu tumalizie Lushoto. Kampuni mbili tulizouliza bei zao zimetushinda, kwa hiyo tunataka kujipangia wenyewe kwa mabasi ya kawaida.

Naomba wenyeji mnisaidie mambo mawili. Hesabu inatosha? Na ni wapi watu hupigwa bila kujua?

MgosiWaKange:

Karibuni Tanga mgosi. Fedha inatosha, ila ratiba haitoshi. Futeni Lushoto.

Pangani iko pwani, kusini mwa Tanga mjini. Lushoto iko mlimani, na njia yake inapanda kutokea Mombo kwenye barabara kuu ya kwenda Moshi. Ukitoka Pangani lazima urudi Muheza au Tanga, uende Segera, Korogwe, Mombo, ndipo uanze kupanda kama kilomita 33 za kona. Hiyo ni siku nzima ndani ya magari matatu au manne. Kwa siku 4 utakuwa umelipa nauli ya kuona vioo vya daladala. Lushoto ni safari yake peke yake, na kwa anayetoka Dar haihitaji hata kufika Tanga mjini: unapanda basi la Moshi au Arusha, unashuka Mombo.

Sasa hesabu. Nauli ya kikomo iliyotangazwa na LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini) Desemba 2023 ni shilingi 48.47 kwa kilomita kwa daraja la kawaida, na 67.84 kwa daraja la kati. Dar hadi Tanga ni kama kilomita 350. Zidisha: daraja la kawaida ni kama 17,000, la kati ni kama 23,700. Tofauti ya 6,700 inaonekana ndogo, lakini nyinyi ni wanne, kwenda na kurudi ni tiketi 8, yaani zaidi ya 53,000. Hiyo ni karibu nusu ya boti ya Maziwe. Viwango hubadilika mafuta yakipanda, kwa hiyo angalieni tangazo la karibuni kabla ya kulipa. Njia ya kuhesabu ni hiyohiyo.

Kwa watu wanne mimi ningetenga hivi:

Basi kwenda na kurudi: 136,000
Vyumba 2 kwa usiku 3, kwa 30,000 kila kimoja: 180,000
Chakula, 12,000 kwa mtu kwa siku: 192,000
Tanga hadi Pangani na kurudi, daladala, bodaboda: 90,000
Boti: 120,000
Viingilio: 40,000

Jumla 758,000. Mnabaki na 42,000 ya dharura, na hapo ndipo naona tatizo. Hiyo ni kama asilimia 5 tu. Simu ikidumbukia baharini au mmoja akiharisha, mnaanza kukopeshana. Isipungue 80,000.

Pa kuipata ni kwenye boti. Boti hukodishwa nzima, halipi mtu mmoja mmoja. Mkiwa wanne kila mtu anatoa 30,000, mkipata wengine wawili pale Pangani inashuka hadi 20,000. Nyinyi wanne mmeokoa 40,000, na dharura imefika 82,000 bila kupunguza sahani ya mtu. Waambieni wenye gesti mapema kwamba mnatafuta wenza wa boti. Wao ndio wanaojua nani kalala chumba cha pili.

Bi_Chumbageni:

Mgosi kasema vizuri, mimi naongeza ya njiani.

Tiketi ya Dar kateni Stendi ya Magufuli, Mbezi, ndani ya ofisi ya basi lenyewe, siku moja kabla. Hakikisheni ni tiketi ya mashine yenye jina, namba ya gari na nauli. Anayekudaka getini na daftari mkononi si wakala, ni mpiga debe, na cha juu chake kinatoka kwako. Chukueni gari la saa 12 asubuhi. Mabasi hayaruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na ukijumlisha mizani na kituo cha kula, mnafika Tanga mchana. Gari la saa 4 linawafikisha jioni, siku imekwisha na hamjaona kitu.

Mnashukia Kange, na Kange si mjini. Bodaboda watawazunguka mlangoni kabla hamjashusha mabegi. Vukeni, pandeni daladala ya mjini kama wenyeji. Ila kabla hamjatoka hapo stendi, ulizeni gari la Pangani la kesho yake linapakilia wapi na la kwanza linaondoka saa ngapi. Swali hilo ni bure leo, kesho asubuhi linagharimu bodaboda wanne.

Ijumaa jioni msilipie kitu. Tembeeni kwa miguu mitaa ya mjini hadi Raskazone, kuleni mishkaki na mhogo wa kukaanga, asubuhi mbaazi kwa mahamri. Mkila kwenye vibanda vya kina mama hiyo 12,000 kwa siku itabaki. Mkikaa hoteli ya ufukweni inakwisha kwa mlo mmoja.

Jumamosi asubuhi ndiyo Amboni, ni kama kilomita 8 kaskazini ya mji, njia ya Horohoro. Daladala inawashusha njia panda, mnamalizia kwa miguu. Nendeni mapema, kabla jua halijachoma. Mle ndani kuna giza totoro, popo, joto na unyevu, na sakafu inateleza. Viatu vya kufunga, si malapa. Mwongoza wageni yupo pale, lakini kila mtu awe na tochi yake, maana tochi ya simu mkono mmoja na mkono wa pili umeshika mwamba ndiyo chanzo cha simu kuvunjika. Kuna sehemu za kuinama na kujipenyeza. Mwenye kuogopa mahali pa kubana aseme kabla ya kulipa.

Jambo jingine: maeneo ya serikali hulipwa kwa kontro namba (namba ya malipo ya serikali). Wekeni fedha kwenye simu, si mfukoni tu. Na kila mtu abebe kitambulisho cha taifa. Bei ya raia na ya mgeni ni mbingu na ardhi, na mhifadhi hana sababu ya kuamini lafudhi yako. Gesti nazo zitakitaka kwa ajili ya daftari la wageni.

Mtembezi_Kimara:

Asanteni sana, Lushoto tumeifuta. Tarehe bado hatujaifunga, Ijumaa yoyote ya mwezi wa 10 kwetu ni sawa. Na tulale Pangani mjini au Ushongo?

Nahodha_Bweni:

Usiseme Ijumaa yoyote. Maziwe hupangwa kwa mwezi wa angani, si kwa kalenda ya ofisini.

Maziwe ni fungu la mchanga. Zamani lilikuwa na miti, sasa halina hata mmoja, na maji yakijaa linazama lote. Kwa hiyo unalipia saa chache tu za maji kupwa, na saa hizo zinategemea kama ni bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa sana, au maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo.

Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, yaani kuzunguka tarehe 1 na tarehe 15 za mwezi wa Kiislamu. Siku hizo pwani yetu maji hupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, na hujaa saa 10 jioni. Fungu linatoka kubwa, jua bado halijakuwa kali, na mnarudi nchi kavu mchana. Kila siku inayofuata maji huchelewa kama dakika 50. Ikifika tarehe 7 au 8, na tena 22, ni maji mafu: kupwa kunaangukia jioni, na hata hapo hayatoki sana. Ukienda siku hiyo saa 4 asubuhi utazunguka juu ya bluu, nahodha atakuonyesha kwa kidole kwamba kisiwa kiko hapo chini, na hela yake ni ileile. Watu wengi wanaolalamika kwamba wametapeliwa hawakutapeliwa. Walichagua siku mbaya na hakuna aliyewaambia.

Kwa hiyo fungua kalenda ya Kiislamu, tafuta Jumapili ya mwezi wa 10 inayoangukia kati ya tarehe 1 na 3, au kati ya 14 na 17. Hiyo ndiyo siku yako ya boti. Ijumaa utahesabu kurudi nyuma.

Kuhusu upepo umechagua vizuri. Mwezi wa 10 kusi limelegea na kaskazi bado, ni tangambili, majira ya kati ya pepo hizo mbili, bahari huwa tulivu. Mwezi wa 6 hadi wa 8 ningekwambia utoke alfajiri urudi kabla ya saa 6, kwa sababu upepo hukaza kadiri jua linavyopanda na mawimbi yanapiga boti ubavuni wakati wa kurudi. Vuli nayo huanza kunyesha mwezi huo, lakini mvua ya vuli mara nyingi hupita.

Mambo ya kukubaliana na nahodha jioni ya kabla, mbele ya watu wote: bei ni ya boti nzima au ya kichwa, mafuta yamo au hayamo, ada ya hifadhi ya bahari imo au mnalipa wenyewe, mtakaa saa ngapi kisiwani, vioo vya kuogelea vipo vingapi. Maboya ya kuvaa yahesabiwe kwa macho, moja kwa kila mtu, yenye kamba za kufungia. Kama yanaletwa mengine kesho, basi na malipo yaletwe kesho. Mpe sehemu ya mafuta tu kwanza, nyingine mkirudi.

Akisema mtoke saa 2 asubuhi wakati kupwa ni saa 4 na nusu, msimbishie. Siku za bamvua ufuo hukauka mbali sana, na boti ikishakalia mchanga haitoki hadi maji yarudi. Lazima iwe inaelea kabla.

Kisiwani hakuna kivuli. Chukueni maji lita 2 kwa mtu, kanga au mwavuli, fulana ya mikono mirefu. Anayeogelea kwa fulana haungui mgongo. Msitembee juu ya matumbawe, na viatu vya mpira vinasaidia kwa miiba ya urumba.

Pa kulala: kwa bajeti hii ni Pangani mjini. Ushongo ni kuzuri lakini ni ng'ambo ya mto, kilomita kama 16 kutoka Bweni, kijiji kinachotazamana na Pangani mjini, na kila kitu mtakula kwa bei ya aliyewaweka hapo kwa sababu maduka hakuna. Bodaboda wanne kwenda na wanne kurudi ni chumba cha usiku mmoja kimekwenda. Ukilala Pangani unavuka Bweni kwa miguu jioni, unaangalia mto, unarudi.

Kashata_Chungu:

Na wakipitia hifadhi ya Saadani wakati wa kurudi? Barabara ya pwani hiyohiyo hadi Bagamoyo.

MgosiWaKange:

Kwa gari lao sawa. Kwa mabasi ya kawaida, hapana. Hifadhi huitembelei kwa miguu peke yako, mtahitaji gari la kukodi pamoja na kiingilio cha TANAPA (shirika la hifadhi za taifa), na hapo 82,000 ya dharura inakwisha getini. Kama wanataka cha nyongeza kwa bei ndogo, magofu ya Tongoni yako njia ya Pangani, kama kilomita 17 kutoka Tanga. Msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo, mambo ya karne ya 14 na 15. Jumamosi wakienda Pangani wanaweza kushuka, ila wawe na mabegi mepesi na wajue gari lijalo linaweza kukawia. Mimi ningeshuka. Wengine wataona ni mawe.

Bi_Chumbageni:

Jumatatu msije mkalala hadi jua litoke. Gari la kwanza la Pangani, Tanga kabla ya saa 4, na tiketi ya kurudi Dar muwe mmeshaikata Ijumaa ileile mliposhuka Kange, ya basi la saa 6 mchana. Ya saa 3 msithubutu: gari la Pangani likipata pancha mmeipoteza. Fedha taslimu toeni Tanga mjini Jumamosi asubuhi, kwa sababu nahodha na mama wa samaki hawana mashine, na wakala wa Pangani siku ya Jumapili anaweza kukwambia hana noti za kutosha.

Samaki nunueni wavuvi wakishusha, mpeleke kwa mama lishe awapikie, mkubaliane bei ya kupika pamoja na wali kabla hajawasha mkaa. Samaki wa kilo mbili anawatosha nyote wanne.

Mtembezi_Kimara:

Nimefungua kalenda. Kuna Jumapili moja inaangukia tarehe 15 ya mwezi wa Kiislamu. Tumechukua hiyo. Mabegi ni ya mgongoni tu, Tongoni tutashuka.

Nahodha_Bweni:

Tarehe 15 ni bamvua lenyewe. Muwe ufuoni saa 2 kasoro robo, mmekunywa chai nyepesi. Mwenye kutapika baharini akae nyuma karibu na mashine, asikae mbele, huko ndiko boti inakorushwa zaidi.