Mlezi akipandwa na hasira, naye ahurumiwe?

Mleta mada

Wadau, naleta hoja inayowagawa watu kila ikiguswa. Siku hizi tunaambiwa mtoto mwenye hasira asipigwe wala asifokewe. Atulizwe, kisha afundishwe kusema kilichomuudhi. Hilo nalikubali. Nauliza upande wa pili: anayemlea, naye hasira yake ishughulikiwe kwa huruma, au kwake ni lawama na sheria tu?

Mimi nasema ahurumiwe, tena mapema, kabla mkono haujanyanyuka. Mtoto wa miaka 2 hajui kujituliza. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayomzuia mtu asitende kila kinachomjia, huendelea kukomaa hata baada ya miaka 20. Mtoto hutulia kwa kutulizwa. Sasa wa kumtuliza akiwa hajalala, hana wa kumpokea, na kila anayemtazama anamhukumu, atamtulizaje?

Sisemi aruhusiwe kupiga. Sweden ilikuwa nchi ya kwanza duniani kupiga marufuku kuwachapa watoto, mwaka 1979, na naiunga mkono. Lakini angalieni walivyofanya. Kifungu chenyewe hakikuweka adhabu. Anayemuumiza mtoto alibaki kushughulikiwa na sheria ya jinai kama kawaida. Kilichotangulizwa ni elimu: kijitabu kwa familia zenye watoto, na maelezo hadi kwenye paketi za maziwa. Marufuku peke yake humwambia mlezi asifanye nini. Haimwambii afanye nini usiku, mtoto amejibwaga sakafuni anapiga mateke, na yeye mwenyewe kichwa kinamgonga.

Sikubaliani

Mkuu, hapo unatupeleka kubaya. Mtu huyohuyo bosi wake akimfokea hampigi, anameza mate na kusema "sawa". Akifika nyumbani anamshukia wa miaka 3. Hasira haikumshinda, amechagua wa kumtolea. Ukimhurumia unampa kichaka cha kujificha. Na mtoto aliyezabwa kofi ataambiwaje, "mwelewe mama, amechoka"?

Mzee wa Zamani

Wanangu mnakuza mambo. Samaki mkunje angali mbichi. Sisi tulichapwa na tukawa watu. Huruma hizi ndizo zinazotuletea watoto wanaojibizana na wakubwa.

Mama Pacha

Shikamoo mzee. Tuliambiwa tumkunje, hatukuambiwa tumvunje.

Waliochapwa wakawa watu ni wengi, sibishi. Ila kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa 2010, uliwafuatilia watoto toka miaka 3 hadi 5. Waliokuwa wakichapwa mara kwa mara walikuwa wagomvi zaidi walipofika 5. Mtasema mkorofi ndiye anayechapwa sana, kwa hiyo kiboko kinasingiziwa. Watafiti walilifikiria hilo, wakazingatia ugomvi waliokuwa nao watoto wakiwa na miaka 3, na tofauti haikufutika.

Mzee wa Zamani

Marahaba mwanangu. Basi niambie, asipochapwa afanywe nini? Aachwe apige wenzake?

Mwalimu wa Awali

Mzee, swali lako ndilo kazi yangu ya kila siku. Kupiga, kuuma na kusukumana hutia fora kati ya miaka 2 na 4, halafu kwa watoto wengi hupungua wanapopata maneno. Kwa hiyo hatumwachi. Amenyang'anywa kigari, ngumi iko juu: napiga goti hadi macho yetu yalingane, naushika ule mkono bila kuuminya, namwambia, "Umekasirika, amechukua kigari chako. Kupiga hapana." Basi. Sihubiri, kwa sababu mtoto anayepiga kelele hasikii hotuba. Maongezi yanakuja akishapumua, na hapo ndipo anajifunza kusema "nirudishie". Kuhurumia hasira yake hakuniondolei kazi ya kuzuia ngumi.

Jingine, maana naona watu wengi wanalishauri: eti mtoto apewe mto aupige mpaka hasira iishe. Achaneni nalo. Jaribio la 2002 liliwapa watu wazima mfuko wa ndondi waupige huku wakimfikiria aliyewaudhi. Walitoka na hasira kuliko waliokaa kimya tu.

Mleta mada

@Sikubaliani, hoja ya bosi imenibana. Kweli watu wengi hujizuia pale wanapoogopa matokeo, na mtoto hana cha kuwaogopesha. Kwa hiyo mtoto aliyepigwa ndiye wa kwanza kushughulikiwa, na asibebeshwe kazi ya kumfariji aliyempiga. Mkubwa aombe radhi kwa maneno machache, bila "lakini wewe nawe".

Ila chukua mfano wa mtoto mchanga. Kilio chake huzidi kwenye mwezi wa pili hivi, na wengine hulia hata wakiwa wameshiba na hawaumwi. Mlezi anayeambiwa kwamba mama mwema hamwachi mtoto akilia atamng'ang'ania hadi mikono itetemeke, na hapo ndipo watoto hutikiswa, ubongo ukavuja damu. Anachopaswa kuambiwa ni hiki: mlaze chali mahali salama, toka nje ya chumba dakika chache, pumua, rudi umwangalie. Ukiona huwezi, mwite mtu akupokee. Hiyo ndiyo huruma ninayoisema, na anayeokolewa nayo ni mtoto.

Sikubaliani

Hapo nimekuelewa. Kupokewa sawa. Lakini aliyekwisha kuumiza mtoto, kwanza mtoto awekwe salama, habari za uchovu tutazisikiliza baadaye.

Mleta mada

Hapo hatugombani. Mimi namtetea yule ambaye hajapiga bado. Mzazi akienda kliniki akasema, "naogopa nitampiga huyu mtoto," leo wengi hawathubutu kulitamka wakihofia kunyang'anywa mtoto. Je, asikilizwe na kusaidiwa bila kufunguliwa jalada, au naye ahesabiwe hatari toka dakika hiyo? Hilo ndilo nataka tulijadili, hasa wewe Sikubaliani.