Ufa wa sentimita 11 kwenye kioo cha mbele: nizibe au nibadilishe?

Muulizaji

Habari zenu wakuu. Wiki tatu zilizopita nilikuwa nyuma ya lori la kokoto, jiwe likaruka na kugonga kioo cha mbele, chini upande wa abiria. Kilibaki kidoa kama punje ya dengu, nikakiacha. Jana asubuhi gari lilikuwa limelala nje kwenye baridi, nikawasha hita mpaka mwisho ili ukungu utoke upesi. Nikasikia "tak!", kidoa kikawa ufa. Nimepima kwa rula: sentimita 11. Ncha moja imeingia chini ya mpira wa pembeni, nyingine inaelekea katikati.

Fundi wa kwanza kaniambia ufa usiofika sentimita 15 unazibika, niache gari nikanywe chai. Wa pili hata rula hakushika. Aliinama, akafuata ufa kwa kidole mpaka kwenye mpira, akasema kibadilishwe. Binti yangu ndiye anayekaa kiti hicho kila siku kwenda shule. Sitaki kutupa kioo kizima bure, lakini sitaki pia kubana matumizi kwa usalama wake. Nani yuko sahihi?

Jibu la 1

Pole dada. Vioo ndiyo kazi yangu, na huyo wa pili ndiye aliyeona. Urefu wa ufa ni swali la pili. La kwanza ni ufa uko wapi.

Kioo cha mbele ni vioo viwili vyembamba vilivyoshikanishwa na utando wa plastiki katikati, ndiyo maana hata kikipasuka hakimwagiki. Jiwe kwa kawaida huumiza kioo cha nje tu. Tukiziba, tunafyonza hewa iliyomo ndani ya ufa, tunasukumia gundi nyepesi, kisha tunaikausha kwa taa ya urujuanimno. Gundi hiyo hupitisha mwanga karibu sawa na kioo chenyewe, kwa hiyo alama hufifia, ila haipotei yote. Kwa sababu hiyo mimi sizibi mbele ya macho ya dereva. Usiku, taa za gari linalokuja zikipiga pale, kile kivuli kidogo kinasumbua sana.

Tatizo lako ni ukingo. Gari likipita kwenye mashimo bodi hujipinda, na kioo kimegundishwa kwenye bodi kuzunguka pembe zote, kwa hiyo ukingo ndio unaovutwa. Ufa uliokwishafika huko unaweza kuendelea hata baada ya kuzibwa. Pitisha ukucha upande wa ndani. Ukikwama, ujue hata kioo cha ndani kimeumia na mjadala umekwisha.

Na mwenye kidoa cha dengu anayesoma hapa: kibandike selotepu safi leo, maji na vumbi visiingie, kakizibe kesho. Uchafu ukishaingia, gundi haishiki vizuri.

Jibu la 2

Naunga mkono kubadilisha, ila angalia nani anabadilisha. Mimi nilibadilishiwa, na baada ya miezi kadhaa zulia la mbele likaanza kuloa kila mvua ikinyesha. Fundi mwingine alipokitoa kioo tukaona: aliyetangulia alikwangua rangi kwa kisu akikata gundi ya zamani, hakupaka chochote juu ya mikwaruzo, kutu ikatambaa chini ya gundi mpya. Kioo kilikuwa kimeshikilia kutu, si chuma!

Hili linamhusu binti yako moja kwa moja. Kwenye magari mengi mfuko wa hewa wa abiria hufumukia juu, ukaegemea kioo, ndipo ukamkinga aliyekaa. Kioo kisiposhika, kinasukumwa nje na mfuko unakosa pa kuegemea. Kwa hiyo muulize fundi gundi yake inahitaji muda gani kabla gari halijatembea. Nyingine ni saa moja, nyingine ni siku nzima, na hali ya hewa nayo inachangia. Akikujibu "ondoka tu", ondoka kweli, ila na kioo chako cha zamani.

Jibu la 3

Kuna kamera nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma? Kama ipo, lazima ielekezwe upya baada ya kioo kipya kuwekwa. Ikiinama kidogo tu pale juu, itasoma mstari wa barabara mahali usipokuwepo, na gari litashika breki au kuvuta usukani kwa kuamini hilo. Mwambie fundi kabla hajaagiza kioo, maana hata kioo chenyewe hutofautiana.

Muulizaji

Asanteni sana, nyote. Ndani ukucha umeteleza, nje umekwama, nikaanza kupata matumaini. Lakini jana usiku niliweka alama ya wino kwenye ncha ya ufa, na leo asubuhi umeivuka kwa sentimita moja na nusu, wakati gari halijasogea hata hatua.

Nabadilisha. Kamera ipo, nimemwambia fundi wa pili. Nilipomuuliza habari ya gundi alisema gari litalala kwake usiku mmoja, na rangi ikikwaruzika ataipaka dawa ya kutu mbele ya macho yangu kabla ya kugundisha. Kazi ni Jumatatu. Mpaka hapo hita siigusi, na binti anakaa nyuma.