Je, duka lina haki ya kukataa fedha taslimu?

Mwana wa Newala:
Ndugu wana jukwaa, naomba ufafanuzi. Jumamosi iliyopita nilimsindikiza mama yangu hadi Mtwara mjini kununua madaftari na sare za wajukuu katika duka moja kubwa. Hesabu ilikwisha kupigwa, shilingi 47,500, na mama alikuwa ameshafungua pindo la khanga na kuzikunjua noti zake tano za elfu kumi, ndipo keshia akamwambia kwa upole, “Bibi, hapa tunapokea kadi au lipa namba tu.” Mama ana simu ya kitochi, lakini namba yake ya siri anaijua mjukuu aliye Masasi (nalo ni tatizo, najua), na kadi ya benki hajawahi kuwa nayo. Fedha za korosho huingia katika akaunti yangu, nami humtolea zote taslimu, kwa sababu kijijini kwetu mwokota korosho, mwenye mashine ya kusaga na muuza maji wote hulipwa mkononi. Nililipa mimi kwa simu, mama akanikabidhi noti zake, lakini njia nzima hadi stendi hakunisemesha. Je, jambo hili ni halali?

Muuza Duka, Chikongola:
Mpe mama pole zangu. Mimi sijafikia kukataa fedha taslimu, ila nawaelewa wanaoelekea huko. Mteja wa kwanza asubuhi huja na elfu kumi kununua sabuni ya mia tano, nami humtuma kijana azunguke maduka matatu akitafuta chenji. Na siku ukikuta noti bandia kwenye droo, hakuna wa kumrudishia. Hata hivyo tusifichane: malipo ya simu nayo yana makato, na wapo wenzetu wanaomwambia mteja “weka na ya kutolea”, yaani wanambebesha gharama za biashara yao.

Msoma Sheria:
Kwa mujibu wa Sheria ya Benki Kuu ya Tanzania ya mwaka 2006, noti zinazotolewa na Benki Kuu ni fedha halali ya malipo nchini. Wengi hukomea hapo, lakini uhalali huo una nguvu hasa pale deni linapokuwa limekwisha kuingia, kama vile umeshakula mgahawani au mafuta yameshaingia kwenye tangi la pikipiki. Bidhaa ikiwa bado juu ya kaunta, muuzaji anaweza kudai kwamba aliweka sharti la malipo kabla ya kuuza. Kwa hiyo nakuuliza, ndugu: je, palikuwa na tangazo? Kama halikuwapo, kwa maoni yangu msimamo wao ni dhaifu. Norwei walibadili sheria yao, na tangu Oktoba 2024 haki ya mteja kulipa taslimu katika maduka ya kawaida imetiwa nguvu.

Mama Lishe wa Kilwa:
Sheria tuwaachie wenyewe. Mimi nasema niliyoyaona. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ilikatika eneo la Somanga, na haikupita wiki mbili nyaya za intaneti za chini ya bahari nazo zikakatika. Siku hizo mgeni mmoja mwenye kadi mbili alipita kwangu baada ya kukwama kwenye mashine ya benki, na simu yake nayo haikutuma kitu. Chai na chapati zake zililipwa na kijana wa bodaboda aliyekuwa na elfu mbili mfukoni.

Mwana wa Newala:
Ahsanteni sana. Ndugu Msoma Sheria, jana nilirudi kutazama. Tangazo lipo: limebandikwa nyuma ya keshia, chini ya kalenda, kwa herufi ambazo hata mimi nilizisogelea. Nimemwomba msimamizi alihamishie mlangoni, naye amesema atalifikisha kwa tajiri.