Ndege kwenye bustani za jirani msimu huu wa joto, mnawapigaje picha?

mpenda_mbawa: Wakuu habari zenu. Nina kamera ya kawaida na lenzi ya kuvuta ya milimita 70-300, na tangu joto lianze kila nikipata nafasi naenda bustani ya karibu na nyumbani. Shida ndege nawasikia ila siwaoni, miti imejaa majani, na huyo mmoja nnayemwona amekaa juu kabisa nyuma yake mawingu meupe, picha inatoka weusi mtupu. Ikifika saa nne saa tano hivi ndo kimya kabisa. Kuna namna au nisubiri majani yapukutike? Halafu wale bata madume wenye vichwa vya kijani wamehamia wapi, bwawani naona majike tu.

Kulastara: Hawajahama mkuu, hao unaowaona baadhi yao ndo madume wenyewe. Wakishamaliza kuzaliana wanabadilisha manyoya na wanafanana na majike, we angalia mdomo, wa dume unabaki njano njano na wa jike una rangi ya chungwa yenye mabaka meusi. Kipindi hicho manyoya ya kurukia yanadondoka yote kwa mpigo, kwa hiyo wiki kadhaa hawawezi kuruka kabisa. Tafadhali usiwafuate mpaka ukingoni, piga ukiwa mbali.

jicho_la_tai: Hilo la weusi ni kwamba kamera inapima mwanga wa mawingu badala ya ndege, ongeza ekspoja (kiasi cha mwanga kinachoingia kwenye picha) +1 au hata +2 uone. Ila mimi ningeachana na ndege wa juu. Jua likiwa kali wote wanahitaji maji, tafuta mahali penye maji ya kina kifupi, kaa chini kabisa jua likiwa mgongoni kwako, tulia, usiwafukuzie. Ndege akishakuzoea anakuja mwenyewe kunywa na kuoga na hapo ndo unapata picha ambayo macho yenu yako usawa mmoja. Shata (muda kamera inaopokea mwanga) sekunde 1/500 kwa aliyetua, akiruka nenda 1/1600 au kasi zaidi, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ipande tu usiiogope. Fika kabla jua halijachomoza maana wanaimba sana alfajiri. Na mchana ukiona picha ya mbali haina makali usiilaumu lenzi, ni hewa ya moto inayocheza juu ya ardhi, hakuna lenzi ya kutibu hilo.

mpenda_mbawa: Asanteni sana. Kuna mtu kaniambia nicheze sauti ya ndege kwenye simu watoke majanini, inafaa? Na juzi nimekuta kinda chini ya mti, lina manyoya ila haliruki, sikujua nifanyeje.

Mama Hua: Sauti hapana mwanangu, naomba sana. Dume akisikia anajua mpinzani kaingia kwake, anaacha kulisha watoto anahangaika kumtafuta mtu ambaye hayupo. Programu kama Merlin itumie kusikiliza na kujua ni ndege gani, basi. Kinda lenye manyoya limetoka kiotani lenyewe linajifunza, wazazi wako karibu wanalilisha, sogea mbali wewe maana ukisimama pale hawashuki. Kama kuna paka au njia ya watu, liinue uliweke kichakani hapo hapo jirani, usilipeleke nyumbani. Na kiota kikizibwa na majani usiyakate ili upate picha, ndo kivuli chao hicho na ndo kinachowaficha ili kunguru wasiwaone.

jicho_la_tai: Naunga mkono. Mpenda_mbawa, saa hizo za kimya geukia kereng'ende, wao jua kali ndo wakati wao. Wengi wakiruka wanarudi kwenye kijiti kile kile, kwa hiyo weka fokasi kwenye kijiti usubiri, 300 yako inatosha kabisa.