Johnny English ilitoka kwa Get Smart ama tunafananisha tu?

MtotoWaKambi
Habari zenu. Mi nimekulia kambini Bombo, Uganda, na Johnny English, ile filamu ya vichekesho ya jasusi wa Uingereza, niliiona kwenye kibanda cha video, tumebanana kwenye benchi, VJ anatafsiri kwa Kiluganda na kuongezea ya kwake mpaka ukitoka hujui lipi amesema Rowan Atkinson, yule Mr Bean, na lipi ni la VJ. Hiyo ya 2003. Kwetu sisi ilikuwa Mr Bean amepewa bastola, basi. Sasa juzi kaka yangu kanipa flashi ina Get Smart, ile tamthilia ya TV ya vichekesho ya Marekani ya zamani iliyoanza 1965, nimekaa nayo siku tatu na kichwa hakitulii. Huyu jasusi wao Maxwell Smart si ndo Johnny English mwenyewe?? Anajiamini kupita kiasi, anaharibu, anakataa kwamba ameharibu, alafu mwenzake ndo anaokoa kazi. Kuna pale anavua kiatu anakiweka sikioni anaongea na bosi wake, kumbe kiatu ndo simu, na uso wake hauchezi hata kidogo. Na ile mifuniko ya plastiki inashuka vichwani mwao ofisini ili siri isisikike nje, walioko ndani wenyewe wanashindwa kusikilizana wanaanza kupiga kelele, nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Swali langu: Waingereza walichukua huku? Msiniambie filamu zote zinafanana, nataka anayejua anieleze.

BusiaYetu
Walichukua, we angalia tu wale wawili wawili. Smart ana yule dada anaitwa 99, mwerevu kuliko yeye, na English ana msaidizi wake Bough. Bough ndo anaona kila kitu alafu anamwachia mkubwa wake sifa. Hiyo haiwezi kuja yenyewe.

DadaWaJinja
Hapana ndugu zangu, hii tunaweza kufuata nyayo zake vizuri. Kabla ya filamu, Rowan Atkinson alikuwa anaigiza matangazo ya Barclaycard kwenye TV ya Uingereza, miaka ya 90. Kadi ya benki! Humo alikuwa jasusi anaitwa Richard Latham, anajidai anajua kila kitu na kukataa kutumia kadi, mwisho aibu inamwangukia mbele ya msaidizi wake. Na msaidizi anaitwa nani? Bough. Jina lilelile, likaingia mpaka kwenye filamu, mwigizaji tu ndo mwingine. Kwa hiyo BusiaYetu, Bough hakutoka kwa 99, alitoka kwenye tangazo. Alafu kati ya walioandika ile filamu wako Neal Purvis na Robert Wade, wale wale wa James Bond, wameandika The World Is Not Enough ya 1999 na Die Another Day ya 2002. Yaani watu wa Bond wenyewe wakapewa nafasi ya kumcheka Bond.

AfandeMstaafu
Wanangu, mimi naongeza moja tu, mnatafuta baba wakati hawa wana babu mmoja. Get Smart yenyewe ilivyozaliwa, Mel Brooks na Buck Henry walioitunga waliambiwa na waliotaka kipindi wachukue vitu viwili vilivyokuwa vinapendwa sana wakati ule, James Bond na Inspekta Clouseau, yule mpelelezi wa sinema anayeharibu kila kitu, wavichanganye. Bond alianza sinema 1962, Clouseau wa Peter Sellers 1963. Sasa ukichanganya hao wawili Marekani unapata Smart, ukiwachanganya tena Uingereza miaka karibu arobaini baadaye unapata English, na hakuna aliyemwibia mwenzake. Tena muangalie kicheko chenyewe kinatoka wapi. Don Adams, anayeigiza Smart, anakuchekesha kwa sauti. Akishikwa na adui anasema nje kuna jeshi zima limezunguka nyumba, adui hakubali, anapunguza, hakubali, anapunguza tena, kama mama wa soko la Owino anavyoshusha bei mpaka unabeba nyanya. Atkinson ni mwili. Mkumbuke pale anapojidunga mwenyewe dawa ya kulegeza misuli na kuanza kuporomoka katikati ya wageni wa heshima, hapo VJ hana la kutafsiri, kibanda kizima kinaelewa.

BusiaYetu
Afande shikamoo. Hiyo ya Bough nimekubali, sikujua. Lakini mtu anayeandika vichekesho vya majasusi awe hajawahi kuona Get Smart, ile iliyoonyeshwa mpaka 1970 na ina vipindi zaidi ya mia? Hapo bado nabisha.

DadaWaJinja
Kuona sawa, ila kuona siyo kuchukua. Smart tangu mwanzo anahesabiwa jasusi hodari, bosi anamtuma kila siku. English ni mtu wa ofisini, anapata kazi kwa sababu majasusi wote wamekufa kwenye mazishi ambayo yeye ndo alikuwa analinda. Hadithi nzima imesimama juu ya hilo kosa, na Get Smart haina kitu kama hicho.

MtotoWaKambi
Asanteni sana wote, dada hasa wewe. Hiyo ya mazishi niliiona nikiwa mdogo na sikuelewa kabisa kwamba yeye ndo alikuwa mlinzi, VJ alipita pale haraka akaanza kutangaza filamu ya kesho. Leo jioni naiangalia upya, kwa Kiingereza chake, alafu natafuta yale matangazo ya kadi. Mwenye nayo anitumie.