Land Rover Series IIA ya 1965, milioni 38: ndiyo bei yake?

Mleta mada
Wakuu, kuna Land Rover Series IIA fupi, inchi 88 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, petroli, ipo Arusha. Kadi inasema 1965. Muuzaji anataka milioni 38, anadai imesukwa upya na kila kitu ni orijino. Rangi inang'aa kweli. Kwenye kuijaribu gia ziliingia laini, hata namba mbili. Ila sumaku haikushika popote kwenye bodi, nahisi wamejaza puti. Namba ya chesi inaanza na 243. Nimpe ngapi, au niachane nayo?

Fundi Chesi
Sumaku haishiki kwa sababu bodi ni aluminiamu. Ipeleke kwenye ukuta unaotenganisha injini na kabini, ule ni chuma: chini ya kioo cha mbele, dereva anapoweka miguu, na nguzo za milango. Ikilegea hapo, ndiyo puti juu ya kutu. Milango nayo ina fremu ya chuma ndani ya bati la aluminiamu. Vikikutana na unyevu, aluminiamu inaliwa na kutoa unga mweupe. Rangi iliyovimba chini ya mlango ni dalili hiyo.

Halafu lala chini na nyundo ndogo. Gonga boriti ya nyuma kabisa, mikono inayobeba ule ukuta, na vishikio vya springi. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya debe lenye mchanga. Chesi hii ni boksi, matope na maji vinakaa ndani, kwa hiyo inaoza kutoka ndani kuja nje. Kiraka kilichochomelewa juu hakiponyi kitu. Lami mbichi na nene uvunguni mimi siipendi hata kidogo.

Mzee wa Spea
243 ni sahihi: inchi 88, petroli, usukani wa kulia, iliyosafirishwa vipandevipande ikaunganishwa nje ya Uingereza. Zilizotoka Solihull, kiwandani Uingereza, zikiwa kamili kwa soko la nje zinaanza na 242. Lakini uliisoma wapi? Kibati cha namba kinanunuliwa kipya na kugongwa namba yoyote. Ya kuaminika imegongwa kwenye chesi yenyewe, kwenye kishikio cha springi ya mbele kulia.

Hiyo namba mbili laini ndiyo inayomuumbua muuzaji. IIA ina sinkro (kinachofanya gia iingie laini) kwenye tatu na nne tu. Ukitoka tatu kurudi mbili gari likitembea, bila kukanyaga klachi mara mbili, lazima isage. Isiposaga, hiyo ni gia boksi ya Series III. Kwa matumizi ni nzuri zaidi, ila neno "orijino" alifute. Angalia pia geji ziwe katikati ya dashibodi, taa kubwa ziwe katikati karibu na grili (kwenye mafenda zilihamia mwishoni mwa miaka ya 1960), na chanya ya betri iwe ndiyo inayokwenda kwenye bodi. Kama ni hasi, pengine waliondoa dinamo wakafunga altaneta. Hilo si kosa.

Mleta mada
Geji na taa ziko katikati. Namba nimeisoma kwenye kibati. Pale kwenye kishikio pamepakwa lami.

Fundi Chesi
Basi usitaje bei kabla lami haijakwanguliwa. Namba isipolingana na kadi, ondoka, maana kubadilisha umiliki TRA kutakukwamisha.

Ikilingana, usianze na 38 ukishuka. Anza na bei ya IIA inayotembea, yenye kadi safi, ambayo haijasukwa, kisha ongeza kazi zenye ushahidi tu: picha za chesi ikiwa tupu, risiti za pistoni na beringi. Rangi usiiongezee hata shilingi. Toa gharama ya kutafuta gia boksi ya IIA na kuifunga. Injini uikute baridi, uiwashe mwenyewe, kisha pima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda: silinda nne zisipishane zaidi ya asilimia 10 hivi.

Mleta mada
Sawa mkuu. Hiyo kulia ni nikiwa nimesimama mbele ya gari?

Mzee wa Spea
Hapana, ukiwa umekaa kwenye kiti. Upande wa dereva.