Sheria mmepitisha, mwanasaikolojia wa shule yuko wapi? Mwanangu anasubiri tangu mwezi wa tisa

Wakuu, nipo Colorado, nimevurugwa, naomba nitapike nyongo.

Mwanangu yuko darasa la tatu. Mwalimu wake mwenyewe ndiye aliyesema mtoto kusoma kunamshinda, afanyiwe tathmini. Nikasaini fomu mwezi wa tisa. IDEA, sheria ya Marekani ya elimu ya watoto wenye ulemavu, inatoa siku 60 za kumpima mtoto tangu mzazi akubali. Leo ni mwezi wa pili! Nikipiga simu naambiwa mwanasaikolojia wa shule, ambaye ndiye mpimaji, ni mmoja, anazunguka shule tatu, leo si zamu yetu. Nikipiga siku ya zamu yetu, yuko kikaoni.

Chama chao, NASP, kinataka mmoja kwa wanafunzi 500. Wastani wa Marekani ni mmoja kwa zaidi ya 1,000. Dawa waliyoileta wabunge wa hapa mwaka 2024 ni mkataba wa leseni: aliyesajiliwa jimbo lingine ahamie bila kuanza upya. Haya, na huko alikotoka wabaki na nani? Hao hao wachache tunawagombania kama wapiga debe na abiria mmoja wa Mbagala.

Watu hawasomei hii kazi kwa sababu inawala. Ukimaliza digrii ya kwanza, ongeza kama miaka mitatu, humo kuna saa 1,200 za mafunzo kwa vitendo, na wengi hawalipwi au wanapewa kiduchu. Mwenye kodi ya nyumba ataweza wapi? Wawalipe hao kwanza! Mwaka 2022 Washington ilitenga dola bilioni 1 kwa afya ya akili shuleni, kusomesha watu ikiwemo. 2025 serikali ya Trump ikatangaza kukatiza ruzuku hizo.

Sisi Waswahili ndiyo kabisa. IDEA inataka mtoto apimwe kwa lugha yake, ikiwezekana. Kwangu ni Kiswahili tupu. Kuna mwalimu kaniambia, "Labda ni Kiingereza tu, kitakaa sawa." Labda! Kama ni Kiingereza au ni disleksia, yaani tatizo la ubongo kushindwa kusoma vizuri, nani atajua na mpimaji hayupo? Juzi mtoto kaniuliza, "Baba, mimi ni mjinga?" Nilikosa jibu.

Nimeambiwa nipeleke malalamiko rasmi idara ya elimu ya jimbo. Aliyewahi kupeleka aniambie ilikuwaje, na wa "vumilia mkuu" apite tu. Maana nimesoma, nao wana siku zao za kunijibu.

60.